Mwongozo wa Jumuiya Ndogo Ndogo kwa Kwaresima na Pasaka: Jinsi ya Kuzifikisha Kaya Zote Pamoja

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo katika parokia za Kikatoliki nchini Tanzania, hasa za mijini, ambako watu huhama nyumba mara kwa mara na jirani anaweza kuugua wiki mbili bila mwanajumuiya yeyote kujua. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika mikutano yao ya Nairobi, mwaka 1973 na 1976, kwamba jumuiya hizi ziwe msingi wa maisha ya parokia, walitaka Kanisa lifike mlangoni mwa mtu. Kwa hiyo, baada ya miaka mingi ya kushika daftari la ukatibu, ninaipima Kwaresima ya jumuiya kwa swali moja: je, kaya zote zilizoandikwa kwenye daftari zimefika Pasaka pamoja, au baadhi zimeachwa njiani? Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kulifuata swali hilo.

Hatua ya kwanza: fungueni daftari la kaya wiki mbili kabla ya Majivu

Tarehe za Kwaresima hubadilika kila mwaka, kwa sababu Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Haiwezi kuwa kabla ya tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Mwaka 2027, kwa mfano, Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni tarehe 28 Machi. Katibu aandike tarehe hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari mwezi Januari, kisha ahesabu nyuma wiki mbili na kuitisha kikao cha viongozi.

Kikao hicho kiwe na kazi moja kubwa, yaani kusoma majina ya kaya zote, moja baada ya nyingine, na kusema kwa kila kaya ni nani aliyeiona mara ya mwisho na lini. Msisome mahudhurio tu. Kwa nje, kaya isiyohudhuria inaweza kuonekana kuwa imepoa kiimani, kumbe baba amepoteza kazi na mama anaona aibu kupokea jumuiya nyumbani kwa sababu hana hata mkeka wa kutandika. Kaya zilizonyamaza zigawanywe kwa wanajumuiya wawili wawili, mwanamume na mwanamke ikiwezekana, na ziara zifanyike kabla ya Majivu. Anayetembelea asiende na bahasha ya zaka mkononi. Ziara ya kwanza ni ya kusalimia, kusikiliza na kusali, na mambo ya michango yasubiri.

Katika kikao hichohicho, waandikwe kando wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani, wakatekumeni watakaobatizwa usiku wa Pasaka, na watu wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa ambao wameonyesha nia ya kuifunga. Orodha hiyo ibaki kwa mwenyekiti na katibu, wala isisomwe hadharani.

Jambo la mwisho kabla ya Majivu ni kukusanya matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ambayo familia nyingi huyachomeka nyuma ya msalaba ukutani, na kuyafikisha parokiani ili yachomwe kuwa majivu. Kazi hii wapewe watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha kitume cha watoto parokiani, ambao huifanya kwa furaha na hawasahau nyumba hata moja.

Hatua ya pili: elezeni kufunga kwa usahihi na kwa huruma

Kila mwaka huwapo watu wanaofunga kupita kiasi mpaka wakaugua, na wengine ambao hawafungi kabisa kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Viongozi waeleze sheria ilivyo. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za kufunga, maana yake ni mlo mmoja kamili kwa siku, na inaruhusiwa kula kidogo mara mbili zaidi bila kufikia kiasi cha mlo wa pili. Sheria hiyo inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Kuacha nyama ni kwa siku hizo mbili na kwa Ijumaa zote za Kwaresima, na kunawahusu wote waliotimiza miaka 14. Wagonjwa, wajawazito na mama wanaonyonyesha hawafungwi na sheria hii, na mtu anayetumia dawa zinazohitaji chakula, kama vile za kisukari au za kufubaza virusi vya UKIMWI, asiache kula hata siku moja kwa jina la toba. Yeye atafute namna nyingine ya kujinyima.

Ni vizuri pia kusema kwamba Jumapili hazihesabiwi katika siku za kufunga. Kuanzia Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, na ukiondoa Jumapili 6 ndipo unapata zile 40.

Kwa wanaoishi Dar es Salaam, Tanga, Bagamoyo na maeneo mengine ya pwani, nina neno moja zaidi. Katika miaka hii Kwaresima imekuwa ikikutana na mfungo wa Ramadhani, kama ilivyotokea mwaka 2025, na nyumba za kupanga zina familia za dini zote zinazotumia jiko la uani pamoja. Jirani Mwislamu akikuletea bakuli la futari siku ya Ijumaa na ndani mna nyama, lipokee kwa mikono miwili, umshukuru, kisha nyama uihifadhi hadi kesho yake. Bakuli lirudi na kitu ndani, kama desturi ya jirani inavyotaka, na usimpe mwenzako somo la dini juu ya sahani ya chakula.

Hatua ya tatu: kopo la Kwaresima na hesabu yake

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo jumuiya nyingi hujeruhiana. Kinachopatikana kwa kujinyima kinapaswa kumfikia mtu mwenye shida, kwani mtu akiacha soda au nyama kwa siku 40 na fedha hizo zikabaki mfukoni mwake, amebana matumizi tu. Hivyo kila kaya iwe na kopo, hata la maziwa ya unga lililotobolewa kwa kisu, likae mahali ambapo watoto wanaliona, na familia itumbukize humo siku ileile inapojinyima, badala ya kukusanya kwa mkupuo wiki ya mwisho.

Mwaka mmoja makopo ya jumuiya yetu yalifunguliwa nyumbani kwa kiongozi mmoja, watu wawili tu wakiwapo, na hakuna kilichoandikwa. Jumla iliyotangazwa ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia watu. Hakuna aliyethibitika kuchukua hata shilingi moja, lakini kaya tatu ziliacha kuja jumuiya, na mojawapo ilirudi baada ya miaka miwili. Tangu hapo tunafanya hivi, na ninashauri kila jumuiya ifanye hivyohivyo: makopo yote huletwa siku moja, siku ya jumuiya, katika wiki ya tano ya Kwaresima. Kanga hutandikwa juu ya mkeka, makopo yakafunguliwa mbele ya watu wote, na fedha zikachanganywa kabla ya kuhesabiwa ili isijulikane nani ametoa nini. Watoto hupanga sarafu za 50, 100, 200 na 500 katika mafungu ya kumi kumi. Nyingine hunukia dagaa, nawe unatambua bila kuambiwa kwamba zimetoka gengeni, na noti ya 1,000 hupatikana imekunjwa mara nyingi hadi kuwa ndogo kama punje ya muhindi, kwa maana tundu la kopo lilikuwa jembamba. Watu wawili wasio viongozi huhesabu, wa tatu hurudia, jumla husomwa kwa sauti, na daftari husainiwa palepale na watu wanne. Kesho yake fedha zifike parokiani na stakabadhi isomwe jumuiya inayofuata.

Fedha za makopo zitumike kadiri Askofu wa jimbo alivyoelekeza, na viongozi wasijipe mamlaka ya kuzigawa. Msaada kwa wahitaji wa jumuiya yenyewe uandaliwe kando kwa njia ya vyakula: kila kaya ilete inachoweza, kilo ya mchele, unga, sukari, kipande cha sabuni au chupa ya mafuta ya kupikia. Vyakula hivyo vifikishwe Jumanne au Jumatano ya Juma Kuu, kwa sababu mama anayepelekewa mchele Jumapili mchana amekwisha kulala na wanawe bila chakula cha Pasaka. Vipelekwe jioni, na watu wawili, bila kupiga picha. Picha ya mjane aliyeshika mfuko wa unga, ikirushwa kwenye kundi la simu la jumuiya, inamnyang'anya heshima aliyokuwa amebaki nayo.

Hatua ya nne: sala za kila wiki na Njia ya Msalaba

Jumuiya ya kila wiki isome Injili ya Jumapili inayofuata. Jumapili ya kwanza ni majaribu ya Yesu jangwani na ya pili ni kugeuka sura kwake mlimani. Katika Mwaka A, yaani mwaka wa kwanza wa mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, hufuata mwanamke Msamaria, kipofu tangu kuzaliwa na Lazaro, na kama jumuiya ina mkatekumeni, Injili hizo tatu zafaa kusomwa naye mwaka wowote, kwa kuwa tangu kale ziliwekwa kwa ajili ya wanaojiandaa kubatizwa. Ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu ugawanywe katika vipande vifupi vya kusomwa kila wiki. Wenzetu wa Kenya wamezoea kufanya hivyo kwa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kinachoandaliwa na Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wao, ambacho huleta mada za maisha ya raia mbele ya jumuiya, na mazungumzo yake huwa na uhai.

Njia ya Msalaba husaliwa kila Ijumaa, na parokia nyingi huifanya kanisani. Ombeni ruhusa ya Baba Paroko ili angalau Ijumaa moja isaliwe mtaani. Vituo ni 14, hivyo chagueni nyumba 14 zilizo karibu, mkianza na za wagonjwa na wazee. Mwenye nyumba aweke meza ndogo mlangoni, kitambaa na mshumaa, naye mwenyewe asome tafakari ya kituo chake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajulishwe mapema, na barabara yenye magari iepukwe. Kwa kuwa Machi ni mwanzo wa masika katika sehemu nyingi, anzeni saa kumi na nusu jioni, karatasi za tafakari zitiwe kwenye mifuko ya plastiki, na ijulikane tangu mwanzo ni nyumba ipi yenye kibaraza kipana cha kukimbilia mvua ikishuka.

Kuna kituo kimoja ninachokikumbuka. Bibi mmoja, aliyekuwa hatoki ndani kwa sababu ya miguu, alipewa kituo cha sita, pale Veronika anapompangusa Yesu uso. Hakujua kusoma. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akachukua khanga yake, akaupangusa msalaba wetu wa mbao polepole tangu juu hadi chini kwa sababu ulikuwa umelowa, kisha akasema, "Nendeni sasa, wanangu, msije mkachelewa." Waliokuwapo hawakuhitaji tafakari nyingine.

Hatua ya tano: Kitubio, wagonjwa, wakatekumeni na ndoa

Kanisa linamtaka kila mwamini aungame dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka na kupokea Ekaristi kipindi cha Pasaka. Msingoje Juma Kuu, ambapo foleni hufika nje ya kanisa na mapadre wamechoka. Jumuiya ikubaliane kwenda pamoja katika wiki ya tatu au ya nne, na anayesitasita baada ya miaka mingi apewe mtu wa kumsindikiza hadi kwenye benchi la kusubiri.

Orodha ya wagonjwa ipelekwe kwa paroko mapema, ikiwa na maelezo ya nyumba kwa alama zinazoonekana, kama vile mwembe, duka au rangi ya geti, kwa kuwa namba za nyumba katika mitaa yetu hazitoshi kumfikisha padre. Mgonjwa aandaliwe maji safi, kitambaa cheupe, mshumaa na msalaba, na familia imwache faraghani anapoungama.

Mkatekumeni asiachiwe katekista peke yake. Jumuiya imjue, imtafutie msimamizi anayeishi Ukristo wake, na imsaidie nguo nyeupe kama hana uwezo. Kuhusu wanaotaka kubariki ndoa, Kwaresima ni wakati mzuri wa mafundisho na wa kuzungumza na wazee wa pande zote mbili, ambao mara nyingi mahari iliyobaki ndiyo imewakwamisha. Ndoa yenyewe ifungwe baada ya Pasaka. Sherehe za kuagana na binti na vikao vya harusi vyenye muziki na vinywaji visipangwe ndani ya siku hizi, na kamati za harusi zikumbushwe hilo tangu Januari, kabla ukumbi haujalipiwa.

Hatua ya sita: Juma Kuu

Jumapili ya Matawi haihitaji maelezo mengi. Pwani hutumia makuti mabichi ya minazi, bara watu hukata kile kinachopatikana. Kateni machache, na msivue mti wa mtu bila idhini yake.

Alhamisi Kuu jioni huadhimishwa Misa ya Karamu ya Bwana. Watakaooshwa miguu wanaweza kuwa wanaume na wanawake, kama Papa Fransisko alivyoruhusu kwa waraka uliotolewa Januari 2016, na jumuiya ikiombwa kumtoa mtu, imtoe yule ambaye kwa kawaida hachaguliwi kwa jambo lolote. Baada ya Misa kuna kuabudu Ekaristi, na jumuiya hupangiwa saa. Kama saa yenu ni ya usiku, pangeni usafiri wa kurudi na kina mama wasitembee peke yao.

Ijumaa Kuu hakuna Misa. Ibada ya Mateso hufanyika alasiri, kwa desturi saa tisa, na sadaka yake ni kwa ajili ya Nchi Takatifu. Watu watangaziwe hilo mapema.

Kifo hakingoji Pasaka ipite, na viongozi wajue la kufanya msiba ukitokea siku hizi. Misa ya mazishi hairuhusiwi Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Jumamosi Kuu wala siku yenyewe ya Pasaka. Marehemu anaweza kuzikwa kwa ibada ya Neno na sala za mazishi, na Misa ikaadhimishwa siku nyingine. Familia ielezwe na mtu mzima mwenye utulivu, kabla watu hawajajaa msibani, kwamba marehemu wao hajanyimwa kitu kwa adhabu. Siku ya Ijumaa Kuu jumuiya ikipika msibani, ipike wali na maharage au mboga, na wageni wasio Wakatoliki waelezwe kwa upole.

Mkesha wa Pasaka hauanzi kabla ya giza kuingia. Dar es Salaam, mwishoni mwa Machi, jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hiyo saa mbili usiku ni saa inayofaa. Ibada ni ndefu: kubariki moto mpya, mshumaa wa Pasaka, Mbiu ya Pasaka, masomo ambayo yakisomwa yote ni saba ya Agano la Kale na mawili ya Agano Jipya, ubatizo, kisha Ekaristi. Watoto wale na walale mchana. Kila mtu awe na mshumaa wake wenye kikinga cha karatasi ili nta isimdondokee wa mbele, na wazee wapewe viti karibu na mlango. Kodini bajaji au gari dogo kwa fedha ya pamoja ili wasioweza kutembea wafike. Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliachwa nyumbani kwa sababu kila mtu alidhani mwingine amempitia. Tulimkuta asubuhi amekaa kitandani na shati lake jeupe, mshumaa haujawashwa. Ndiyo maana jina la mpitiaji sasa huandikwa kwenye daftari, mbele ya jina la kila mzee.

Hatua ya saba: Pasaka na siku nane zake

Siku ya Pasaka kila familia ina pilau yake na wageni wake, na jumuiya isiibebeshe siku hiyo vikao. Wahudumu wa Ekaristi wapeleke Komunyo kwa wagonjwa, wakisindikizwa na wanajumuiya wawili wanaoimba Aleluya mlangoni, kwa sababu mgonjwa hajaisikia tangu Majivu. Jumatatu ya Pasaka, ambayo ni sikukuu ya kitaifa, inafaa kwa chakula cha pamoja uani kwa mmoja wenu. Kila kaya ije na sufuria yake na kaya isiyo na kitu ije na watu wake, nao majirani wa dini nyingine waalikwe.

Jumapili inayofuata ni ya Huruma ya Mungu, ambayo Papa Yohane Paulo II aliipa jina hilo kwa Kanisa lote mwaka 2000. Ndani ya wiki hiyo katibu asome daftari tena, kaya kwa kaya, kama mlivyofanya kabla ya Majivu, na kila kaya ambayo haikuonekana Pasaka ipangiwe mtu na siku. Shughuli za kipindi hiki huendelea hadi Pentekoste, siku ya 50, na wabatizwa wapya ndio wanaohitaji kuangaliwa zaidi, maana wengi hupotea mara tu mafundisho yanapokwisha. Sisi humpa mbatizwa mpya zamu ya kwanza ya kupokea jumuiya nyumbani kwake. Akisema kwamba anaishi chumba kimoja na hana viti, mwambieni kuwa mikeka italetwa na watu watakaa kibarazani, na siku ikifika fikeni mapema mumsaidie kufagia.